Kezilahabi: Uhuru, sanaa na udhaifu wa binadamu

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kisiwani Ukerewe, Tanzania, mwaka wa 1944 na kuaga dunia Januari 2020, aliandika riwaya zinazozua swali zito: je, binadamu akifunguliwa minyororo, atautumiaje uhuru wake?

Katika Rosa Mistika (1971), riwaya yake ya kwanza, Zakaria anamlea bintiye kwa kiboko na vitisho. Rosa anapofika chuoni, mbali na jicho la baba, hajui kujitawala, na mwishowe anajiua. Lawama haimwangukii msichana pekee. Malezi ya woga hayamfunzi mtu kuchagua. Kwa kueleza mambo ya mapenzi waziwazi, riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) inalipeleka swali lilo hilo katika siasa. Tumaini, tajiri anayepokonywa shamba wakati wa Ujamaa, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Sera inaweza kugawa mali upya, lakini haibadilishi moyo wa mtu kwa amri.

Kezilahabi alidai uhuru katika sanaa pia. Diwani yake ya Kichomi (1974) iliacha vina na mizani, ikazua mgogoro mkali na wanamapokeo walioona kuwa utungo usio na arudhi si shairi.

Kazi hizo zinashikilia jambo moja: fasihi inayoficha udhaifu wa binadamu haiwezi kumwandaa kuwa huru.