JITU LA MIRABA MINNE LISILO NA JINA: Kumbe zoezi hili lina zaidi ya miaka 500!

Leo tuwaache kidogo mastaa tunaowajua, twende kwa wasio na majina. Namaanisha yale majitu ya miraba minne, upanga mkononi, kitambaa kiunoni, ambayo wengi tuliyachora nyuma ya daftari la hesabu mwalimu akiwa ubaoni.

Mimi nimeyachora tangu kidato cha pili. Mwaka juzi jimu moja ya mtaani ikanipa kazi ya kuchora shujaa ukutani. Nikamwaga misuli kila mahali. Nilipomaliza, dogo mmoja anayenyanyua vyuma pale akasogea, akakodoa macho, akauliza, "Braza, huu mkono umeshikia wapi?" Watu wakacheka mpaka basi. Mwenye jimu akanipa nusu ya hela tuliyokubaliana. Iliniuma sana, hasa kwa sababu dogo alikuwa sahihi.

Ndipo nikaanza kufuatilia: haya majitu yalianzia wapi, na waliotutangulia walijifunzaje?

Kuna mchoro mmoja maarufu kutoka Florence, Italia, wa kati ya 1465 na 1475 hivi. Aliyeufanya ni Antonio Pollaiuolo, sonara ambaye pia alikuwa mchoraji na mchongaji. Alichonga picha kwenye bamba, likapakwa wino, kisha karatasi ikakandamizwa juu yake. Ndani yake kuna wanaume kumi, uchi wa mnyama, wanauana kwa mapanga, mashoka, majambia na mishale. Nyuma yao mimea imesongamana kama shamba la mtama. Wawili wa katikati wameshikilia mnyororo mmoja, kila mtu upande wake.

Sasa cheki hii: hakuna anayejua ni akina nani. Hawana jina, hawana bendera, hawana kisa. Kitu pekee kilichoandikwa pale ni jina la Pollaiuolo mwenyewe! Wanaume wawili wa mbele wamekaa pozi karibu lilelile, ila mmoja unamuona kwa mbele na mwingine kwa nyuma. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaona picha ile ilikuwa pia kama somo kwa wachoraji: mwili huu hapa, uangalie pande zote. Na mwandishi Giorgio Vasari alisimulia kwamba Pollaiuolo alikuwa anachuna ngozi za maiti ili aone misuli ilivyopangika. Yaani jamaa hakuwa anakisia.

Lakini hata hapo kulikuwa na wa kukosoa. Leonardo da Vinci aliwaonya wachoraji wanaotutumua kila msuli kwa wakati mmoja, akasema mtu wa namna hiyo anafanana na gunia la karanga ngumu kuliko binadamu. Niliposoma hapo nikakumbuka ukuta wangu. Mimi nilichora gunia la viazi! Ukweli ni kwamba msuli unaofanya kazi hukaza, na ule wa upande wa pili hulegea. Ukikaza yote, jitu lako haliwezi hata kuinua upanga.

Mwaka 1504 Michelangelo naye akapewa kazi ya kuchora vita kwenye ukuta wa ukumbi wa serikali hapo hapo Florence. Unajua alichagua nini? Askari wanaooga mtoni, ghafla wanaitwa vitani. Huyu anapanda ukingo, yule anahangaika na nguo mwili ukiwa bado umelowa. Ukutani haukufika kamwe, ila ule mchoro wa maandalizi vijana walimiminika kuunakili. Walioukopi walijifunza, japo wenyewe baadaye uliharibika.

Karne zikapita. Mwaka 1932 Robert E. Howard wa Texas akatoa hadithi ya kwanza ya Conan. Mwaka 1966 vitabu vya Conan vikachapwa upya, na jalada akachora Frank Frazetta wa Brooklyn: mbabe amesimama juu ya rundo la maiti, ametulia tuli. Majitu mengi unayoyaona leo kwenye magemu na katuni yamerithi pozi lile. Frazetta alipelekwa shule ya sanaa akiwa na miaka 8. Uzeeni akapata kiharusi, mkono wake wa kulia ukaharibika. Akajifunza kuchora kwa kushoto. Mkono uligoma, lakini macho yalikuwa bado yanajua bega linashikia wapi.

Hilo ndilo ninalotaka ubaki nalo. Ukimchora shujaa mwenye jina, watu wanakusamehe kwa sababu wanamjua. Ukichora asiye na jina, hana pa kujificha: mwili wake usimame wenyewe au uanguke.

Siku hizi naanza na mifupa, halafu misuli michache inayofanya kazi, upanga mwisho kabisa. Mwezi uliopita nilirudi kwenye ile jimu na rangi yangu mwenyewe, nikafuta ule mkono na kuuchora upya. Bure. Dogo akaja, akaangalia kimya, akarudi kwenye vyuma vyake.

Kwa dogo yule, hiyo ni sifa.

Wewe jitu lako la kwanza ulilichora ukiwa darasa la ngapi? Na mkono ulishikia wapi? Tiririka hapo chini.