Redio ilipobeba ujumbe wa nyumbani

Kabla simu za mkononi hazijaenea, msiba wa Dar es Salaam uliwafikia ndugu wa Sumbawanga au Newala kupitia Redio Tanzania. Tangazo la kifo lilimtaja marehemu, likawataja jamaa kwa majina na mahali walipo, likaeleza siku ya mazishi. Asiyekuwa na redio aliletewa habari na jirani. Kadi za salamu nazo zilijaa majina ya marafiki, na mtangazaji akayasoma yote bila kuchoka (au bila kuonyesha kuchoka). Redio hiyo, iliyoanza mwaka 1951 chini ya Waingereza na baada ya uhuru ikawa sauti ya serikali, ilibeba hivyo maneno ambayo kwingine yangefungwa ndani ya bahasha.

Tumezoea kutenganisha ya umma na ya faragha kwa kutazama chombo: redio ni ya umma, simu ni ya faragha. Matangazo ya vifo yanauvuruga mpaka huo. Naona kipimo kizuri zaidi ni kuuliza nani anawajibika kwa neno likishatoka. Tangazo lilipokelewa, likalipiwa, likapitiwa, likasomwa na kituo chenye jina na anwani. Likikosewa, familia ilijua pa kwenda. Atakayepinga atasema idadi ndiyo inayoamua, kwamba ujumbe wa wengi ni wa umma tu. Lakini matanga hukusanya mamia ya watu na maneno yake yakabaki ya wafiwa, ilhali kipindi cha usiku wa manane chenye wasikilizaji wachache bado kina mhariri wa kuulizwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mhariri huyo alikuwa mtumishi wa serikali, na uwajibikaji wake ulielekea juu kuliko kwa msikilizaji. Ni kweli, na dhidi ya mkono huo wa serikali ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inalinda haki ya mtu kutoingiliwa katika mawasiliano yake.

Ugumu umekuja na WhatsApp. Tangu 2016 ujumbe wake husomeka kwa mtumaji na mpokeaji pekee, kama barua; tangu 2022 kundi moja laweza kuwa na watu 1,024, na uvumi ukatoka kundi hili kwenda lile bila kupita kwa mhariri yeyote. Baada ya uvumi kusababisha mauaji India, kampuni ilianza mwaka 2018 kupunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe waweza kusambazwa kwa mara moja. Ikapunguza kasi tu, kwa kuwa yenyewe haiwezi kusoma kilichoandikwa.