Marshall, Thurgood

Thurgood Marshall (2 Julai 1908 – 24 Januari 1993) alikuwa wakili wa Marekani aliyebobea katika kesi za katiba, na jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Alizaliwa Baltimore, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Howard chini ya Charles Hamilton Houston, akahitimu mwaka 1933.

Wengi humkumbuka kwa kesi ya Brown ya 1954, iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Ushindi wake kuhusu kura unastahili heshima hiyohiyo. Huko Texas chama cha Democratic kilikuwa hakina mpinzani, hivyo aliyepita kwenye kura za mchujo alikuwa ameshashinda uchaguzi, na mchujo wenyewe ulikuwa wa Wazungu watupu. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu iliubariki utaratibu huo kwa hoja kwamba chama ni cha watu binafsi. Mwaka 1940 Lonnie Smith, daktari wa meno Mweusi wa Houston, alinyimwa karatasi ya kura. Marshall na William Hastie waliifikisha kesi yake Mahakama ya Juu, wakaonyesha kwamba mchujo uliendeshwa kwa sheria za jimbo, kwa hiyo chama kilikuwa kikifanya kazi ya dola. Tarehe 3 Aprili 1944 majaji 8 dhidi ya 1 waliwakubalia, na hukumu ya 1935 ikatenguliwa. Katika miaka iliyofuata, mamia ya maelfu ya Weusi wa Kusini walijiandikisha kupiga kura.

Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, aliwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Rasimu yake ya haki za msingi ililinda kura, na pia mali za Wazungu na Wahindi. Aliyetetea wachache kwao hakuwasahau wachache wa Kenya, hata wale waliokuwa wamejaaliwa mali.

Akiwa Wakili Mkuu wa Serikali (1965–1967) alisimama mahakamani kupinga kodi waliyotozwa wapigakura wa Virginia. Akaingia Mahakama ya Juu mwaka 1967, akastaafu 1991. Mwaka 1980, katika kesi kuhusu mfumo wa uchaguzi wa mji wa Mobile, majaji wenzake walidai mlalamikaji athibitishe nia ya kubagua. Marshall alipinga, akishikilia kuwa madhara ya mfumo yanatosha. Mwaka 1982 Bunge lilirekebisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, na sharti la kuthibitisha nia likaondolewa.