Usawa wa Gurudumu

Mji wa Webuye, ulioitwa Broderick Falls zamani za ukoloni, umekaa penye njia mbili za kwenda Uganda: barabara na reli. Reli ile ilifika Kampala mwaka 1931. Magarimoshi ya mvuke yaliyopita hapa yalichukua somo ambalo wengi waliliona pasipo kulisoma. Magurudumu yao makubwa yalitiwa pande la chuma upande mmoja, ili kulingana na uzito wa vyuma vya upande wa pili. Pasipo pande hilo, gurudumu lingaliipiga reli kama nyundo.

Kanuni hiyo imo katika gari la mashindano pia. Nyuma ya injini hufungwa gurudumu zito, flaiwili, liwekalo akiba ya nguvu ya mzunguko. Katika miaka ya 1780 injini za James Watt huko Uingereza zilipewa gurudumu la namna hiyo ili mwendo wao usiwe wa kushtuka. Katika gari lina kazi ya pili: sahani ya klachi hubanwa juu ya uso wake, nguvu ikapita kwenda kwenye gia.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Klachi itelezayo kwa mashaka ya njia huunguza uso wa gurudumu, ukatoka madoa ya buluu yaliyo magumu kuliko chuma kinachoyazunguka. Fundi huusaga uso huo kwa jiwe la mashine hadi unyooke, akiondoa kidogo awezavyo, maana chuma kilichopunguzwa mno huweza kupasuka. Kisha hulisawazisha gurudumu, kwanza peke yake, halafu pamoja na kifuniko cha klachi, akitia alama ili virudi pale pale. Upande uliozidi hutobolewa kwa keekee.

Je, gramu 10 ni kitu? Zikizidi mahali palipo sentimita 12 kutoka katikati, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika huvuta kama uzito wa kilo 12. Kwa mizunguko 6,000, kama kilo 48. Mwendo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Alijua kwa mikono yake kile ambacho watazamaji hawakukiona.

Basi, kijana utakaye ufundi, kumbuka kwamba gurudumu hili hufunikwa, wala mwenye gari halioni tena. Ukiacha gramu 10 kwa uvivu, hakuna atakayekushuhudia siku ile. Lakini dereva ameweka maisha yake juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa fundi mara nyingi hujengewa na mtu mwingine.