Kaloki Nyamai wa Kitui, na mafundi tusiowauliza majina

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua sanamu ya twiga pale Changamwe nimpelekee mjomba wangu anayeishi Maskati. Mjomba akaipokea, akaisifu, akaigeuza. Chini palikuwa na kikaratasi chenye nambari na bei. Akaniuliza, "Nani kaichonga?" Nikasema Wakamba. "Wakamba wote?" akasema, na waliokuwapo wakacheka.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia wasanii wa Ukambani kwa majina yao. Leo nataka kumweleza mmoja, Kaloki Nyamai, ingawa siwezi kumfikia bila kuwapitia wengine.

Uchongaji tunaouona Mombasa na Malindi husimuliwa kuwa ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, mji ulio kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifika Tanganyika, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga mpingo, akarudi na ufundi huo nyumbani. Huko ukaenea kwa kufundishana, mtu na nduguye, mtu na jirani. Kwa hivyo hii tuiitayo kazi ya Kikamba ilipita kwa Waswahili wenzetu wa mrima kabla ya kurudi kwetu na ushirika wa Changamwe katika miaka ya 1960. Hili sikulisoma shuleni.

Wa pili ni Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi mwaka 1947. Alikuwa mpishi wa misafara ya wawindaji, na aliyoyaona porini akayachora kwa penseli za rangi: wanyama wenye shingo ndefu kupita kiasi, na watu wembamba wanaotembea kati yao bila hofu. Picha zake zimo katika mkusanyo wa Jean Pigozzi, mmoja wa mikusanyo mikubwa ya sanaa ya Afrika ya leo. Ukimtaja Mwingi mjini sijui wangapi watakuambia wanamjua.

Kaloki alizaliwa Kitui mwaka 1985. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuchora kwanza, na nyanya yake akamsimulia habari za kale za Wakamba. Baadaye alisomea usanifu wa ndani ya nyumba katika chuo cha sanaa cha Buruburu, Nairobi. Hakai katika fani moja. Huchora, hujenga kazi za kujaza chumba kizima, hutumia na sauti. Lakini kinachomtambulisha ni turubai zake kubwa. Huzipaka rangi, akazikata, kisha akazishona tena kwa uzi na kamba za katani, na mishono akaiacha ionekane, nyuzi zikining'inia. Kazi nyingi huzipa majina ya Kikamba, na anayetaka kujua maana auulize.

Ukiwa msafiri wa barabara ya Nairobi, katani hiyo unaijua. Mashamba ya mkonge yako Kibwezi, kaunti ya Makueni, na akina mama wa Makueni na Kitui husuka vyondo miaka nenda miaka rudi. Kwa macho yangu mimi, turubai zile zina undugu na chondo kuliko na picha za makumbusho ya Ulaya. Wataalamu wanaweza kunibishia.

Mwaka 2022 Kaloki alikuwa mmoja wa wasanii wanne wa Kenya katika maonyesho ya Biennale ya Venice, Italia, pamoja na Syowia Kyambi, Dickens Otieno na Wanja Kimani. Msimamizi alikuwa Jimmy Ogonga. Uzito wake utauelewa ukikumbuka yaliyotangulia. Mwaka 2013 banda lenye jina la Kenya lilijaa wasanii wa China. Wakenya walikuwa wawili tu, mmoja wao Mbuno wetu wa Mwingi, na pamoja nao Armando Tanzini, Mwitaliano mkaazi wa Malindi. Mwaka 2015 mambo yakataka kurudiwa vivyo hivyo. Wasanii wa Kenya wakapiga kelele, na serikali ikalikana banda hilo. Mimi sina neno na mgeni kuonyesha kazi yake, na Tanzini ameishi pwani miaka mingi. Lakini kuitwa Kenya huku Wakenya hawamo, hapana.

Kaloki pia ameanzisha Nairobi mahali pa wasanii kukaa na kufanya kazi, akapaita Kamene. Ni kama alivyofanya Munge, ila mara hii wanafunzi wana majina ukutani.

Mwezi uliopita nilirudi Changamwe kununua bakuli la mwarobaini. Nikamuuliza mchongaji jina lake. Akaweka patasi chini, akaniangalia. "Kwani limepasuka?"