Poda ya Mtoto: Safari ya Kopo Jeupe Kutoka Chumba cha Mama Mpaka Mahakamani

Ingia nyumba yenye mtoto mchanga Buganguzi, kule Muleba, na mara nyingi utajua kabla hujamwona mtoto mwenyewe. Harufu ya poda inakupokea mlangoni. Mama kajipaka shingoni na kifuani, mtoto kapakwa kwapani, kwenye mapaja mpaka makunyanzi ya shingo, na kopo limekaa karibu na beseni. Shangazi akija kumwona mtoto, poda imo kwenye mfuko wa zawadi pamoja na sabuni na khanga. Kijana akitoka kunyoa, kinyozi anampiga poda ya shingo kwa brashi ndipo anamwachia. Kwenye sherehe, anayecheza vizuri anamwagiwa poda kama wengine wanavyotunzwa hela.

Yaani poda si kipodozi tu. Ni usafi, ni malezi, ni heshima. Ndiyo maana habari kwamba poda inaleta kansa ilipoanza kuzunguka kwenye simu, watu waligawanyika fasta. Kuna waliotupa makopo siku hiyohiyo, na kuna waliocheka: "Bibi kajipaka miaka sitini, mbona yupo?"

Nani yuko sahihi? Jibu lina historia ndefu, na Kagera wenyewe wana somo lao kuhusu jambo la aina hii.

Kabla ya kopo

Poda ni mgeni. Katika nchi za maziwa makuu, Buhaya ikiwemo, ngozi ilitunzwa kwa mafuta. Siagi na samli ya ng'ombe ndivyo vilivyong'arisha mwili wa bibi harusi na kulainisha ngozi ya mtoto. Kopo la unga mweupe lilikuja na maduka, meli za ziwani na biashara ya Kampala, Kisumu na Mwanza.

Huko lilikotoka lilianzia kwenye malalamiko. Miaka ya 1890, kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilikuwa ikiuza plasta za kubandika mwilini. Daktari mmoja akaandika kwamba plasta hizo zinamwasha mgonjwa wake. Mkuu wa sayansi wa kampuni akamtumia unga laini wa talki kutoka Italia wa kutuliza ngozi. Watu wakaupenda. Mwaka 1894 unga huo ukaanza kuuzwa kama poda ya watoto, na harufu yake ikawa mojawapo ya harufu zinazojulikana zaidi duniani.

Talki yenyewe ni jiwe. Ndilo madini laini kuliko yote, unaweza kulikwangua kwa ukucha. Likisagwa linanyonya unyevu na kupunguza msuguano, kwa hiyo kwapa na mapaja yanabaki makavu.

Shida iko ardhini. Mara nyingine talki hukaa jirani na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyowahi kutumika sana kwenye mabati ya nyumba na mabomba. Asbesto inasababisha kansa, na hilo halina ubishi tena. Mgodi wa talki usipochaguliwa na kupimwa vizuri, nyuzi hizo zinaweza kuingia kwenye unga anaopakwa mtoto.

Dalili za kwanza

Mwaka 1971 watafiti wa Cardiff, nchini Uingereza, walichunguza uvimbe wa kansa ya ovari, yaani mifuko ya mayai ya mwanamke. Ndani yake wakakuta chembe za talki. Haikuthibitisha kwamba talki ndiyo iliyoleta kansa, lakini swali likazaliwa: zilifikaje humo? Jibu lililofikiriwa ni kwamba mwanamke anayejipaka poda sehemu za siri anaweza kuzipeleka chembe hizo juu, kupitia njia ya uzazi.

Mwaka uliofuata Ufaransa ilipata msiba mwingine wa poda. Watoto 36 walikufa na wengine wengi wakaugua baada ya kupakwa poda iliyoitwa Morhange. Safari hiyo kosa halikuwa la talki. Kiwandani ilikuwa imechanganywa na dawa kali ya kuua vijidudu, heksaklorofini, kwa kiwango cha sumu. Wazazi wale walidhani wanawalinda watoto wao. Kinachopakwa juu ya ngozi, hasa ya mtoto, kinaweza kuingia ndani.

Mwaka 1976 chama cha watengenezaji wa vipodozi Marekani kikaweka utaratibu kwamba talki ya vipodozi isiwe na asbesto. Mwaka 1982 watafiti wa Boston wakatoa utafiti ulioonyesha uhusiano kati ya kujipaka talki sehemu za siri na kansa ya ovari. Biashara iliendelea kama kawaida.

Wakati huohuo, Kagera

Miaka hiyohiyo Kagera ilikuwa na yake. Vita ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin ilikuwa imepita juu ya mkoa. Bidhaa zilikuwa adimu nchini, sabuni ilitafutwa kwa tochi, na kitu kizuri cha dukani kilipatikana kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Kati ya vilivyoingia kutoka Uganda ilikuwamo nguo ya kisasa iliyojulikana kwa jina la Juliana. Ukiivaa, umependeza, watu wanageuka.

Kisha watu wakaanza kukonda na kufa. Mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, hukohuko Muleba, ikaripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Lakini mitaani ugonjwa ulikuwa umeshapewa jina: Juliana. Upande wa pili, Rakai nchini Uganda, kuna waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao.

Nguo haikuwa na kosa. Virusi vilisafiri njia moja na biashara, ndani ya miili ya watu, lakini macho ya watu yakaishia kwenye kitambaa. Wakati nguo inasemwa, ugonjwa uliendelea kupita nyumba hadi nyumba. Kagera ikajifunza kwa gharama kubwa kwamba kulaumu kitu kisichohusika kunaua, na kupuuza onyo la kweli kunaua vilevile.

Ndiyo maana swali la poda linahitaji utulivu. Je, poda ni Juliana mwingine, kitu cha urembo kinachosingiziwa? Au safari hii kopo lenyewe lina kesi ya kujibu?

Mwanamke aliyekataa hela

Mwaka 2006 mwanamke mmoja wa jimbo la South Dakota, Marekani, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, aligundulika ana kansa ya ovari. Alikuwa na miaka 49 na alikuwa amejipaka poda kwa takribani miaka 30. Akaishtaki kampuni. Akapewa ofa ya dola milioni 1.3 ili yaishe. Akakataa, kwa sababu alitaka wanawake wengine wajue.

Mwaka 2013 baraza la mahakama likaamua kwamba kampuni ilizembea kutoa onyo. Fidia? Sifuri. Hakupata hata senti. Lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 2018, huko St. Louis, wanawake 22 na familia zao walishinda kesi na kupewa dola bilioni 4.69. Sita kati yao walikuwa wameshafariki. Baada ya rufaa kiasi kilishuka hadi takribani dola bilioni 2.1, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kampuni.

Desemba 2018 shirika la habari la Reuters likachapisha uchunguzi kwamba kati ya 1971 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya vipimo vya talki ya kampuni vilikuta asbesto kidogo, na umma haukuambiwa. Kampuni ilikana, na mpaka leo inasema poda yake ni salama na haina asbesto. Oktoba 2019 ikarudisha makopo yapatayo 33,000 baada ya mamlaka ya Marekani kusema imekuta chembe za asbesto kwenye kopo moja. Mei 2020 ikatangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada.

Hapo Waafrika wengi wakauliza swali la haki kabisa: kama haiuzwi kwao, kwa nini iendelee kuuzwa kwetu? Jibu lilikuja Agosti 2022, kampuni ilipotangaza kuacha talki dunia nzima mwaka 2023 na kutumia wanga wa mahindi. Lakini kampuni hiyo si pekee inayotengeneza poda. Makopo ya talki ya majina mengine bado yapo madukani.

Sayansi inasemaje leo

Hapa ndipo meseji za kutumiana zinapopotosha. Januari 2020 ulichapishwa utafiti uliojumlisha wanawake 252,745 wa Marekani. Katika kila miaka 100,000 ya maisha iliyofuatiliwa, waliojipaka poda sehemu za siri walipata kansa ya ovari 61, na wasiojipaka 55. Tofauti ilikuwa ndogo, na watafiti walisema haitoshi kuthibitisha kitu. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa wanawake zaidi ya 50,000 ukaona uhusiano, hasa kwa waliotumia mara kwa mara na kwa muda mrefu.

Julai 2024 shirika la utafiti wa kansa la WHO likaiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda vinasababisha kansa". Nyama nyekundu iko kundi hilohilo. Kundi linaeleza nguvu ya ushahidi, halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Asbesto yenyewe iko kundi la juu kabisa, la vitu vilivyothibitishwa.

Kwa hiyo bibi aliyejipaka miaka sitini na bado yupo hathibitishi kwamba poda ni salama, kama ambavyo mvutaji wa sigara aliyefika miaka tisini hathibitishi chochote. Na anayesema kila aliyejipaka atapata kansa anasema uongo.

Basi nyumbani iweje?

Hatari iliyo wazi zaidi kwa mtoto wala si kansa, ni pumzi. Unga laini ukimwagwa karibu na uso unaingia kwenye mapafu madogo, na kuna watoto waliougua vibaya hata kufa kwa kuvuta poda nyingi. Madaktari wa watoto hawaipendekezi. Maji safi, kukausha makunyanzi taratibu, kubadili nepi mapema na mafuta mepesi vinatosha. Wanga wa mahindi nao ni unga, usivutwe.

Kwa mwanamke, ushauri ni mwepesi: poda isifike sehemu za siri, wala isinyunyiziwe kwenye chupi au pedi. Ukitaka kujua kopo lina nini, geuza nyuma usome. Neno "talc" ni talki, na "zea mays" ni mahindi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko TBS, kwa hiyo kopo lisilo na maandishi ya kueleweka wala alama yoyote liache dukani.

Na tumbo likijaa gesi wiki baada ya wiki, kushiba haraka, maumivu ya nyonga au kukojoa mara kwa mara bila sababu, usingoje mtu akupe jina la mtaani la ugonjwa. Nenda hospitali. Kanda ya Ziwa, Bugando kule Mwanza wanatibu kansa. Kumbuka pia kwamba kansa inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Hiyo inaletwa na virusi, haihusiani na poda, na ina kipimo na chanjo.

Juliana alisingiziwa. Poda haijasingiziwa moja kwa moja, wala haijakutwa na hatia yote. Imekutwa na maswali ambayo wanawake waliyauliza kwa karibu miaka hamsini kabla kopo halijaondolewa, na baadhi yao hawakuishi kusikia jibu. Harufu itaendelea kupokea wageni mlangoni Buganguzi. Shangazi anaweza kuja na mafuta safari hii, na mtoto atanukia vizuri vilevile.