Kabla Uweke Taili: Vitu Vinavyopandisha Bei ya Nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe

Cheki hii picha. Uko Doha mwaka wa tatu, kila mwisho wa mwezi unatuma ganji nyumbani Mishomoroni. Nyumba ya mathee imepigwa jipsamu, taili mpaka barazani, geti jipya linang'aa. Siku mnaamua kuuza, mnunuzi anazunguka dakika kumi, anasifu, halafu anauliza swali moja tu: "Taito iko wapi?" Kimya. Bei anayotoa ni kama hizo taili hazipo.

Huku ng'ambo ya kisiwa mambo ndio hayo. Kwa hivyo kabla uitane fundi, fuata mpangilio huu.

1. Karatasi kwanza

Pwani tuko na kitu kinaitwa nyumba bila shamba. Nyumba ni yako, unaweza kuirithisha ama kuiuza, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine na unamlipa kodi. Stori ni ya zamani: sheria ya 1908 ya kusajili ardhi ya Pwani iliacha familia nyingi bila hati, na wajukuu wao mpaka leo wanaitwa maskwota. Pale Likoni, mzozo wa shamba la Waitiki ulivuta miaka mingi kabla serikali ianze kupeana hati Januari 2016.

Kama hati iko, angalia iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni ya marehemu babu, maliza mirathi kwanza, kwa Kadhi ama mahakama ya kawaida kulingana na familia yenu. Lipa pia reti za kaunti zilizolala, maana bila cheti cha reti uhamisho unakwama. Na kama umeoa ama umeolewa, jua nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzako kukubali. Hiyo ni sheria, si mahaba.

Kama ni nyumba bila shamba, usikate tamaa. Ongea na mwenye ardhi akuuzie hiyo ploti, hata kwa kulipa polepole, lakini mwandikishane kwa wakili. Wakati unangoja, weka pesa kwa vitu unaweza kung'oa ukaenda navyo: tangi, mabati, milango, sola. Taili ukiibandika imekwisha, hiyo ni zawadi ya mwenye shamba.

2. Maji

Maji mengi ya mfereji Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Mgao ni kawaida. Visima vya mtaani navyo vingi ni vya chumvi. Ndio maana mnunuzi akiona mita ya maji yenye akaunti safi, tangi kubwa juu ya mnara na mabomba yanayofika jikoni na bafuni, anaanza kuongea lugha nyingine. Upgredi hii haipigiwi picha Insta, lakini ndiyo inauza.

3. Choo

Kama uko na nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba pande mbili, choo kimoja cha wote kinashusha bei. Changamwe hasa, wanunuzi wengi wa Magongo na Chaani wanapiga hesabu ya kodi: wapangaji ni watu wa bandari, viwanda na kiwanja cha ndege, na chumba chenye choo chake ndani hakikai wazi. Lakini shimo liwe mbali na kisima. Mnunuzi mjanja atauliza, na ni afya ya watu.

4. Chumvi

Hewa ya bahari haina huruma. Mabati mepesi yanashika kutu upesi. Ukinunua, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ndogo ndio bati nzito. Ukuta ukitoa unga mweupe na rangi kubanduka, usipake juu kuficha. Mara nyingi ni unyevu ama mchanga wa chumvi kwa plasta. Bandua, rekebisha chanzo, piga plasta upya kwa mchanga safi, ndio upake. Rangi ya kuficha inajulikana mvua ya Mei ikianza.

5. Usipite mtaa wako

Jikoni la kifahari ndani ya mtaa ambao barabara ni tope halirudishi pesa. Cheki nyumba tatu zilizouzwa karibu nawe, ziko na nini na zilienda pesa ngapi. Zifikie, zipite kidogo, simama hapo. Dirisha kubwa la kupitisha upepo na waya za stima zilizofungwa na fundi mwenye leseni zitakusaidia kuliko dari ya taa za rangi rangi.

6. Weka risiti

Hapa wengi hulala. Ukiuza kwa faida, kuna ushuru wa faida hiyo, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15, kutoka 5. Lakini pesa ulizotumia kuboresha nyumba zinatolewa kwenye hesabu kabla ya kukatwa, mradi uko na ushahidi. Na kama ni nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, ushuru huo haikuhusu. Kwa hivyo kila mfuko wa simiti, kila mzigo wa mabati, kila malipo ya fundi: risiti kwa faili moja.

Sasa kabla utume ile ganji ya mwisho wa mwezi huu, pigia mathee simu. Usimuulize anataka rangi gani. Muulize ile karatasi ya shamba iko wapi, na imeandikwa jina la nani.